Punda wa Mstari wa Kwanza

Siku hiyo Fundi aliamka akiwa amechoka, na hilo si la kushangaza, kwani alikuwa akiamka hivyo kwa miaka kama saba mfululizo. Kuna watu ambao uchovu kwao ni mgeni: huja, hukaa siku mbili, hurudi kwao. Kwa Fundi uchovu ulikuwa mpangaji, tena mwenye ufunguo wake.

Alikuwa amelala sebuleni, kwenye godoro sakafuni. Jana yake jioni alimwomba jirani amsaidie kukisogeza kitanda chake mwenyewe hadi karibu na dirisha, akakitandika shuka mpya, akaweka na kiti pembeni cha kushikilia. Kitanda hicho sasa kilikuwa cha Mama. Mama alikuwa ameteleza bafuni akavunjika nyonga, na baada ya wiki sita wodini daktari alisema anaruhusiwa, ila kwa miezi mitatu asiachwe peke yake mchana hata siku moja. Siku ya kuruhusiwa ndiyo hiyo, na ilikuwa lazima achukuliwe kabla ya saa kumi alasiri, maana kitanda cha wodi kilikwishapangiwa mgonjwa mwingine.

Sasa hebu tutazame hapo kwa Fundi. Ghorofa ya tatu, jengo halina lifti. Mume anafanya kazi mji mwingine, huja mara moja kwa mwezi kama mkaguzi. Binti yuko shule ya bweni. Fundi mwenyewe hutoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, hurudi giza limeshaingia. Mwulize mtu yeyote mwenye akili timamu kama nyumba hiyo inamfaa bibi mwenye nyonga mbovu, atakutazama mara mbili. Lakini siku ile daktari alipouliza, "Mgonjwa atakwenda kwa nani?" Fundi alijibu, "Kwangu," kabla daktari hajafunga kinywa. Ndivyo alivyo. Alikuwa kifungua mimba, na vifungua mimba wengi wana maradhi haya: swali likiulizwa chumbani, wao hudhani wameulizwa wao.

Simu iliita hata chai hajachemsha. Alikuwa mdogo wake wa kumfuata, dereva wa malori, ambaye nyumbani kila mtu alimwita Dereva, hata mkewe.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Uko wapi?"

"Nimeingia alfajiri hii. Dada, leo Mama anatoka. Si ulisema unamchukua wewe?"

"Ndiyo."

"Nilijua tu! Wewe ndiye nguzo yetu, Dada. Bila wewe sisi tungekuwa tumeshaanguka zamani."

Fundi alikijua kilemba cha ukoka akivishwa, na bado kila mara aliinamisha kichwa avishwe vizuri. Alimwambia mdogo wake wakutane wodini saa tisa na nusu. Alikata simu, akakaa ukingoni mwa godoro, akaanza kufikiri atampandishaje Mama ngazi zile na mchana atamwachia nani. Alikuwa ameshasema ndiyo, basi. Mengine yangejulikana huko mbele. Akainuka akaenda kazini.

Ofisi yao ilitunza mitambo ya hospitali zote za eneo lile. Majibu ya maabara, akiba ya dawa, picha za mifupa, foleni za wagonjwa, vyote viliishi katika chumba kimoja baridi nyuma ya mlango wenye karatasi iliyoandikwa USIINGIE NA CHAI. Ndani yake zilikuwamo seva, yaani kompyuta kubwa za kuhudumia hospitali hizo, na kila seva ilibeba mashine pepe arobaini. Mashine pepe ni mashine isiyo na mwili: inaishi ndani ya mashine yenye mwili, inafanya kazi zake, na haijui kabisa kwamba imebebwa.

Anayeibeba ndiye alikuwa kazi ya Fundi. Katikati ya mfumo wa seva kuna kerneli, yaani kile kiini ambacho huamka kwanza seva inapowashwa na kuamrisha vingine vyote. Ndani ya kerneli panahitajika kipande kinachojua kubeba mashine pepe kwa kutumia nguvu za prosesa, ile chipu inayopiga hesabu zote. Prosesa za kila kiwanda zina mbinu zake, kwa hiyo kila aina huhitaji kipande chake. Pale ofisini waliviita wabebaji.

Zamani wabebaji walikaa pembeni, kwenye diski. Seva ikishaamka, karatasi ndogo ya maagizo ilimtafuta anayefaa na kumwita kwa jina. Lakini mwaka huo ilitoka amri kwamba kitu chochote kisiingizwe ndani ya kerneli baada ya kuamka, kwa sababu za usalama. Basi Fundi akawaunganisha wabebaji wote ndani ya kerneli yenyewe, wamo tumboni tangu mwanzo. Seva ikiwashwa, kerneli inapita kwenye orodha kutoka juu kwenda chini na kumuuliza kila mmoja: unaiweza mashine hii? Wa kwanza kusema ndiyo anakabidhiwa mzigo wote. Walio chini yake hawaulizwi tena.

Alikuwa ameifanya kazi hiyo kwa miezi minne, karibu yote peke yake. Na Alhamisi hiyo, siku hiyohiyo ya Mama, ndiyo ilikuwa siku ya kuhamia kwenye seva mpya. Za zamani zilikuwa mahututi. Tatu zilikufa mwezi uleule.

Saa tatu asubuhi wakawasha. Mashine pepe zote ziliamka moja baada ya nyingine, taa zote kijani, hakuna hata ujumbe mmoja wa kosa. Meneja alipiga makofi. Meneja huyu alikuwa mtu mwema mwenye ugonjwa mmoja tu, vikao, na palepale aliitisha kimoja cha kupongezana. Hawakufika hata nusu yake. Simu ya meza ililia. Alikuwa mtaalamu wa maabara wa hospitali mojawapo.

"Jamani, kuna nini huko? Nimebonyeza jibu la damu, nimekwenda msalani, nimerudi, bado linazunguka tu."

Simu ya pili ikaja, ya tatu ikaja. Kila kitu kilifanya kazi, ila kwa mwendo wa kobe mgonjwa. Picha ya mfupa iliyokuwa ikifunguka kwa sekunde mbili sasa ilichukua dakika nne. Na mfumo wenyewe ukiuuliza unaumwa wapi, unajibu kwa furaha kwamba hauumwi popote.

"Mpaka saa nane," Meneja alisema, sasa uso umemshuka. "Isipotengemaa saa nane, tunarudi kwenye seva za zamani. Fundi, utaweza?"

"Ndiyo," Fundi alisema.

Kurudi kwenye seva za zamani ilikuwa kazi ya mikono yake, na ingemfikisha saa nne za usiku. Saa kumi Mama angekuwa ameketi kwenye benchi la korido na mfuko wake mapajani. Fundi alilijua hilo wakati anasema ndiyo. Alilisema hivyohivyo.

Aliyebaki naye alikuwa Miwani, mwanamke wa rika lake, fundi wa mitandao, mwenye miwani minene na maneno machache makali. Wakapima nyaya. Wakapima diski, wakapima kumbukumbu. Kila walichokigusa kilikuwa kizima. Saa tano ikapita, saa sita ikafika. Miwani alitoka, akarudi na vikombe viwili vya chai, akaviweka nje ya mlango kwa heshima ya ile karatasi.

"Umekula leo?" aliuliza.

"Nitakula."

"Sikuuliza hivyo."

Fundi alisugua viganja. Alikuwa akitetemeka kwa baridi ya kile chumba, koti lake amelisahau sebuleni juu ya godoro, na miguu ilimuuma. Alizunguka nyuma ya seva mpya apate joto kidogo, maana huko nyuma ndiko hewa hutokea. Akasimama hapo mikono mgongoni. Baada ya dakika moja akairudisha mikono mbele. Hewa iliyomtoka yule mnyama ilikuwa ya kuunguza, kama mtu amefunua sufuria.

"Njoo hapa," alimwambia Miwani. "Weka mkono."

Miwani aliweka mkono, akautoa. "Mh! Inapika nini?"

"Ndiyo swali langu. Mzigo wa mashine pepe arobaini kwa seva kama hii ni mchezo. Inatakiwa iwe inapiga miayo. Sasa inahangaika na nini?"

Akarudi kwenye meza, akafungua kumbukumbu za kuamka, zile ambazo kerneli huandika inapofumbua macho na ambazo hakuna anayezisoma ikiwa taa ni kijani. Mistari elfu mbili na zaidi. Alisoma tangu wa kwanza, kidole kwenye kioo kama mtoto wa darasa la kwanza. Kwenye mstari wa mia sita na kitu akakuta: *mbebaji aliyekubali: punda.*

"Punda?" Miwani aliinama. "Punda anafanya nini humu?"

Punda alikuwa mbebaji wa aina ya tatu, asiyetegemea prosesa ya kiwanda chochote. Wenzake huikabidhi prosesa kazi ikafanyika kwa nguvu za chuma. Punda hana chuma. Kila amri ya kila mashine pepe anaisoma mwenyewe, anaikokotoa mwenyewe, anaandika jibu, anakwenda kwenye inayofuata. Anaweza kubeba chochote, mahali popote. Ila anabeba kwa kufa. Alitengenezwa zamani, kwa ajili ya majaribio na siku za dhiki, na aliwekwa mstari wa kwanza wa orodha kwa sababu wakati huo hapakuwa na mwingine. Miaka yote ya karatasi ya maagizo, nafasi yake ya kwanza haikuwa na maana yoyote, kwa kuwa mbebaji aliitwa kwa jina. Sasa orodha ndiyo iliyokuwa ikifuatwa, na Punda ndiye aliyekuwa akiulizwa kabla ya wote.

"Lakini Punda naye ana kipimo," Fundi alisema. "Akiulizwa, anatakiwa atazame kwanza kama prosesa ina nguvu zake. Akiona inazo, aseme siiwezi, awaachie wenzake. Mbona amekubali?"

Akafungua kile kipande. Sehemu ya kipimo ilikuwa tupu. Mtu alikuwa amefuta mistari yote kumi na miwili, akaweka neno moja tu: *ndiyo*.

Fundi alikisukuma kiti nyuma. "Mpumbavu gani huyu?" Sauti yake ilipanda mpaka Meneja akachungulia mlangoni. "Miezi minne nauhangaikia mradi huu! Nimeacha kulala! Kumbe kuna mtu ameketi akaandika ndiyo, bila kupima, bila kutazama, akaenda zake! Hebu nimjue. Leo nimjue."

Kila badiliko lina kumbukumbu ya aliyelifanya. Fundi alibonyeza. Jina likatokea, na tarehe ya miaka saba nyuma, na maelezo mafupi: *Ya muda tu. Nitarekebisha Jumatatu.*

Miwani alisoma. Akavua miwani yake, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa tena, akasoma mara ya pili kwa hisani tu. "Fundi," alisema taratibu, "huyu mpumbavu namfahamu. Nimemletea chai sasa hivi."

Kikulacho ki nguoni mwako. Fundi aliikumbuka siku ile yote. Mashine moja ya majaribio ilikataa kuamka, kipimo cha Punda kilikuwa kinaleta ubishi, Meneja wa wakati huo alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake akihema, na chini barabarani lilikuwa limeegeshwa lori la Dereva lenye vyombo vya mdogo wao wa mwisho, Kitinda, aliyekuwa anahama nyumba. Fundi aliahidi kwenda kumpangia. Hakuna aliyemwomba, alisikia tu habari za kuhama, akasema nitakuja. Basi akafuta kipimo, akaandika ndiyo, akashuka ngazi mbio. Jumatatu mia tatu na zaidi zilikuwa zimepita tangu wakati huo.

Hakucheka. Alitamani kucheka, lakini alijikuta ana uchovu ambao hata kicheko kingekuwa mzigo.

Marekebisho yenyewe yalichukua robo saa. Alirudisha kipimo kwa Punda, akamhamisha kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, akayafuta yale maneno ya Jumatatu. Kilichobaki ni kuijenga kerneli upya, na hiyo ilikuwa kazi ya mashine, dakika arobaini za kutazama mistari ikipanda kiooni. Saa saba ilikuwa imefika. Alitoka nje kwenye ngazi za dharura, akampigia Kitinda.

Kitinda alikuwa mshonaji. Alishona nyumbani kwake, na kwa wiki sita alikuwa wodini kila mchana, cherehani kaifunika.

"Dada, shikamoo. Tuko hapa, Mama ameshaoga."

"Marahaba. Mwambie nikichelewa kidogo asiwe na wasiwasi, nipo njiani kwa namna fulani. Au nipe mwenyewe."

Simu ikabadilishwa mikono. Ikasikika pumzi ya Mama kwanza, kama kawaida yake.

"Mwanangu. Bado uko kazini?"

"Nitafika, Mama. Nimeshakuandalia kitanda, karibu na dirisha. Shuka mpya."

"Ghorofa ile ya kwako ni ya ngapi vile?"

"Ya tatu. Tutakubeba, usihofu."

"Haya. Nikishabebwa nikafika juu, mchana nitakaa na nani? Na ukuta?"

Chini kwenye uwanja wa nyuma mtu alikuwa akiosha gari, maji yakikimbilia mfereji.

"Nitatafuta mtu, Mama."

"Mtu gani? Nina watoto watatu, unanitafutia mtu." Mama alikohoa. "Siku ile daktari alipouliza, mimi nilikuwa na jibu langu. Sikupata nafasi ya kulitoa. Kimbelembele chako, mwanangu. Tangu mdogo. Mtu akiangusha sindano jikoni, umeshasema nitaokota."

"Mama, kama hutaki kuja kwangu ungesema tu."

"Nikuaibishe mbele ya daktari? Wewe uliyenilea kuliko nilivyokulea?"

"Basi unataka kwenda kwa nani?"

"Sijipeleki kwa mtu. Nina miaka sabini na tisa, nataka niitwe. Ukifika hapa, waache wenzio waulizwe. Mmoja mmoja. Halafu wewe, nakuomba kwa Mungu, unyamaze." Akamrudishia Kitinda simu, ikakatika.

Ilipaswa iwe nafuu, lakini Fundi aliumia. Alikaa kwenye ngazi ya chuma, akalia kidogo, kilio cha hasira na cha haya, maana alikuwa amehamisha kitanda chake, amelala chini, amemwomba jirani, yote kwa ajili ya mtu ambaye hakutaka. Na chini ya maumivu hayo kulikuwa na woga mkubwa zaidi. Je, wakiulizwa, wote wakakataa? Kama angenyamaza na hakuna mwingine wa kusema ndiyo, Mama angesikia ukimya huo kwa masikio yake. Maisha yake yote Fundi alikuwa akijibu haraka ili mtu asije akausikia.

Saa nane kasorobo waliwasha upya. Meneja alisimama nyuma ya kiti, akihema kama yule wa kabla yake. Kerneli ikafumbua macho, ikaanza kuandika. Ikamfikia mbebaji wa kwanza, yule wa prosesa za zamani: *siiwezi*. Ikamfikia wa pili, yule wa prosesa za seva mpya. Hapo ikasimama.

Sekunde moja. Mbili. Kidole cha Fundi kilikuwa kimeshafika juu ya kitufe cha kuzima, arudi, amrudishe Punda mstari wa kwanza, angalau mambo yaende hata kama ni kwa mwendo wa kobe. Miwani alimshika mkono.

"Mwache ajibu," alisema.

*Naiweza.*

Baada ya dakika kumi maabara walipiga simu kusema majibu yanafunguka kabla hawajabonyeza vizuri. Meneja akaitisha kikao cha kupongezana. Fundi alichukua mkoba wake, na kwa mara ya kwanza katika ajira yake hakukaa kukisikiliza.

Wodini alifika saa tisa na dakika arobaini. Mama alikuwa ameketi kitandani amefungwa kanga safi, fremu yake ya kutembelea mbele ya magoti. Kitinda alikuwa amesimama dirishani. Dereva alikuwa mlangoni akizungusha funguo kidoleni, na alipomwona dada yake akatabasamu kwa faraja ya mtu aliyeona mzigo umepata mwenyewe.

Muuguzi aliingia na karatasi. "Haya, Bibi, tunakuaga. Hapa pameandikwa mgonjwa atakwenda kwa binti mkubwa. Ni sawa?"

Fundi alikwenda akaketi kando ya Mama. "Sista," alisema, "samahani. Naomba uulize upya. Waulize wote."

Muuguzi alimtazama, akawatazama wengine. "Nani anamchukua mgonjwa?"

Dereva alicheka kidogo, kisha akaona hakuna anayecheka naye. "Dada, si ulisema…" Fundi aliitazama sakafu. Dereva akaacha kuzungusha funguo. "Mimi," alianza, "mimi siku nne za wiki niko barabarani. Nyumbani tuko sita, vyumba viwili." Akazitia funguo mfukoni. "Kusema kweli, siwezi. Naweza kumbeba, naweza kuleta chochote kikitakiwa. Kumweka, siwezi." Masikio yalikuwa yamemwiva, lakini alikuwa amesema kweli, na Fundi hakukumbuka lini mara ya mwisho alimsikia ndugu yake akisema kweli badala ya kumsifu.

Kisha kukawa kimya.

Muuguzi alibadilisha mguu. Kwenye kitanda cha jirani mgonjwa mmoja aliacha kutafuna. Kitinda alikuwa akimtazama Fundi, anangoja, kama alivyongoja miaka yote, dada amalize ndipo yeye ajue la kufanya. Fundi alihisi lile neno likimpanda kooni. Lilikuwa na uzito, likimsukuma meno kwa ndani. Lakini vidole vya Mama vilikuwa vimemshika kiganja kwa nguvu asizozitarajia kwa mgonjwa, na vilizidi kubana. Akang'ata ulimi.

"Mimi," Kitinda alisema.

Sauti ilitoka na mkwaruzo. Akarudia. "Mimi. Nipo nyumbani kutwa nzima. Nimeitoa meza ya kukatia vitambaa chumba cha mbele tangu wiki ya pili. Hakuna ngazi. Kitanda kipo." Akamgeukia dada yake, na macho yalikuwa yamejaa. "Nilisubiri mniulize."

"Mbona hukusema?" Fundi aliuliza, taratibu sana.

"Dada, wewe ukishasema ndiyo, nani tena anasikilizwa?"

Muuguzi alipiga mstari juu ya jina, akaandika jingine. Fundi aliinuka kubeba mfuko wa Mama, na Dereva akauchukua mkononi mwake bila neno. Hivyo Fundi akabaki mikono mitupu katikati ya wodi, hajui aifanyie nini.

Mama alikishika tena kiganja chake. Alimvuta ainame. "Nilikuwa namwomba Mungu usikohoe," alimnong'oneza. "Ungekohoa tu, wangeandika jina lako."

Fundi alirudi kwake jua likiwa bado liko nje, jambo ambalo hakukumbuka lilitokea lini mara ya mwisho. Alipanda ghorofa tatu akipumzika kila kona. Kitanda kilikuwa palepale karibu na dirisha, shuka mpya, kiti pembeni cha kushikilia. Alikishika kiti, akaketi ukingoni, akaanza kuvua viatu. Alipovua kimoja simu ikalia. Alikuwa Meneja. Aliiweka mapajani, akaitazama ikitetemeka mpaka ikanyamaza.

Akasubiri irudie. Haikurudia. Baada ya muda uliingia ujumbe wa Miwani: *Bosi alitaka mtu wa zamu ya kesho alfajiri. Nitakwenda mimi. Kumbe nilikuwa naweza. Lala.*

Fundi aliusoma mara mbili, akaegemea mto uliowekewa mtu mwingine, na usingizi ukamkuta hapo, kiatu kimoja bado kiko mguuni.